Ndoo Kuhani

Nilikaa Bondeni miaka minne, chumba cha juu, na jirani yangu wa chini ndiye aliyenifundisha kusema. Mimi ni mtu wa bara. Kiswahili changu nilikitoa shuleni na kanisani, nikafika nacho Mombasa nikidhani kinatosha. Siku za mwanzo akiniita kutoka uani, "Ndoo, shoga," nilikuwa namshushia ndoo ya maji. Shoga nililijua, ndivyo wanawake marafiki wanavyoitana huku. Alizipokea ndoo zangu mara mbili tatu, kisha siku moja akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Kumbe ndoo ndiyo njoo ya watu wa Mombasa.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mume wake alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu katika duka moja la Biashara Street. Wao ni Waislamu na mimi ni Mkristo, tena nilikuwa Mkristo wa aina ile inayochosha watu. Jumapili kanisani, Jumatano kanisani, Ijumaa kufunga na kuomba. Mtu akinieleza shida yake nilimwambia nitamwombea, na nilimwombea kweli, sikuwa mnafiki kiasi hicho. Nikishaomba nilijihesabu nimemaliza.

Mwaka wa tatu mimba yangu iliharibika katika mwezi wa tano. Baba wa mtoto alikuwa ameshaniacha, jambo ambalo kanisani walilijua na hawakulitaja mbele yangu. Asubuhi ile fundi alinibeba mgongoni akanishusha ngazi hadi kwenye tuktuk, mkewe nyuma yetu amekumbatia nguo zangu. Niliporudi kutoka hospitali yule mwanamke alinipikia uji wa pilipili manga siku kumi na nne. Alinifulia mpaka zile nguo ambazo mtu huona haya kumpa hata dada yake wa tumbo moja. Watu wa kanisa walinitumia ujumbe kwenye simu, mwingi sana. Wiki ya tatu walikuja, wakaimba nyimbo mbili, wakanywa chai iliyopikwa chini na jirani.

Nilipopata nguvu nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mchungaji, nikalishukuru kundi la maombi. Jirani sikumtaja. Sikumsahau, nataka hilo lieleweke. Niliona tu kwamba hafai kuingia katika ushuhuda.

Baada ya mwaka fundi akaugua figo. Alikuwa akienda hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, akirudi amekuwa kijivu, akilala sebuleni kwa sababu ngazi moja tu ya mlangoni ilikuwa inamshinda. Wakati huohuo mchungaji wetu alikuwa akitufundisha kwamba kila aliyeokoka ni kuhani, kwamba hatuhitaji mtu wa kusimama kati yetu na Mungu, na kwamba tunapoingia katika nyumba ya watu tuingie tukijijua. Nililipenda somo hilo kupita kiasi. Mtu aliyeachwa na mwanamume, akapoteza mtoto, anaambiwa yeye ni kuhani. Nililivaa kama gauni jipya.

Jumamosi moja mchana nikawaleta watu wanne wa kundi la maombi kwa jirani. Sikuuliza. Nilipiga hodi, nikafunguliwa, tukaingia wote watano tukajipanga mbele ya kitanda cha mgonjwa. Mkewe alidhani tumekuja kumwona, akaenda kututafutia viti. Nikamsimamisha kwa mkono. Nikasema, kwa sauti niliyoitumia kanisani, "Usihangaike. Leo sikuja kama jirani. Leo nimekuja kuhani."

Uso wake ulibadilika mara moja. "Kuhani?" akauliza. "Mume wangu yu hai. Yu hapa yuwawasikia."

Nilimwelewa hivi: mume wangu ni mzima, hana haja na makuhani wenu. Nikaona ni kiburi cha mtu aliyefungwa macho. Kiongozi wetu alikuwa ameshaweka mkono juu ya kichwa cha mgonjwa na kuanza kukemea mauti. Alilitaja neno mauti mara nyingi. Fundi aligeuza uso ukutani. Mkewe akaufungua mlango wa barabarani wazi kabisa, akasimama kando yake, akasema, "Tokani. Tafadhali, tokani kwa wema." Hakupandisha sauti.

Tulitoka tumenyoosha shingo. Njiani kiongozi aliniambia kwamba ndivyo walivyofanyiwa watumishi wote wa kweli, na mimi, mjinga, nikafarijika. Kabla mwezi haujaisha nilihamia Tononoka, katika ua wenye wapangaji watatu wa kanisa letu. Ufunguo niliuacha kwa mwenye nyumba. Jirani nilimpungia mkono tu, nikiwa nimeshaanza kuufuata mkokoteni wa vitu vyangu.

Ikapita miezi mitano. Jumatatu moja, niko ofisini na fomu za kontena mbele yangu, ukaingia ujumbe kwenye simu kutoka kwa yule jirani. "Shoga, ndoo kuhani. Nakungoja."

Nilikasirika. Nikasema huyu bado ananicheka. Ameniweka moyoni miezi mitano yote hii, na sasa amelichukua neno langu la heshima analitupa mbele yangu, njoo wewe kuhani. Pengine alikuwa amekaa na wenzake wanasubiri nijibu nini. Sikupiga simu. Kupiga kungechukua dakika moja. Badala yake niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika jingine kali zaidi, na hilo ndilo nililolituma.

"Nilipokuja kuhani mlinifukuza. Tafuteni mwingine."

Hakujibu. Nikajiona nimeshinda, nikarudi kwenye kontena zangu. Jumatano nilikwenda kwenye maombi kama kawaida.

Wiki iliyofuata, tukila chakula cha mchana, nilimwonyesha ujumbe ule mwenzangu wa ofisini, dada mmoja mzaliwa wa Rabai, Mkristo kama mimi. Nilitaka tucheke. Aliusoma ule wa jirani tu, akanirudishia simu.

"Pole," akasema. "Ulikwenda?"

"Wapi?"

"Kwa huyu aliyefiwa."

Nikamwambia hakuna aliyefiwa, huyu ananitania kwa sababu ya ukuhani. Aliacha kutafuna. Akanieleza taratibu, jinsi unavyomweleza mtu mwenye homa, kwamba watu wa pwani wakisema kuhani wana maana ya kwenda msibani, kumpa mfiwa mkono, kukaa naye. Kuhani wa Maandiko ni neno jingine, yamefanana tu. "Miaka minne Bondeni," akasema, "hujawahi kusikia mtu akisema anakwenda kuhani?"

Sikuwahi. Na si kwa sababu watu hawakufa. Walikufa, mtaa mzima, na kule wakifa asubuhi huzikwa alasiri, si kama kwetu bara ambako maiti hungoja wiki mbili. Nikirudi kutoka kazini nilikuta mambo yamekwisha, viti vya kukodi vinapakiwa, nami nilipanda ngazi nikawaombea wafiwa nikiwa kwangu. Sikulijua neno la kwenda kwa sababu sikuwahi kwenda.

Kisha akaichukua tena simu, akasogeza kidole akasoma jibu langu. Alifunika chakula chake, akaondoka mezani.

Nilikwenda Jumamosi. Nilipitia Marikiti nikanunua mchele na sukari kilo nyingi kuliko ninavyoweza kubeba, nikafika mikono imenikata. Mlango ulifunguliwa na dada yake jirani, aliyeutazama mzigo kwanza kisha mimi, akaniingiza ndani bila kuniuliza jina. Nadhani alikuwa ameshalisikia.

Jirani mwenyewe alikuwa katika chumba cha ndani, juu ya mkeka, katika eda yake ya miezi minne na siku kumi. Nyumba ile niliizoea ikinukia udi. Mjane aliye edani hajifukizi, kwa hiyo kulikuwa na harufu ya chokaa tu na dawa za mgonjwa ambazo hakuna aliyezitoa. Alikuwa amekonda mikono. Nikapiga magoti, nikasema yote kwa mkupuo: neno la kanisani, neno la mtaani, siku ile ya watu watano, ujumbe wangu, ujinga wangu. Nililia. Yeye hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipokosa la kuongeza akauvuta mkono wangu akaushika.

"Nimekusamehe," akasema. "Duniani na akhera. Na yeye alikusamehe tangu siku ile mulipotoka."

Nilipumua. Nakiri kwamba nilihisi mzigo umenitoka, na nilikuwa tayari, Mungu anisamehe, nalitafuta neno la shukrani ambalo lingefaa hata kanisani. Lakini alikuwa hajaniachia mkono.

"Kuhani hukulijua, sawa," akasema. "Wewe ni mgeni. Lakini kuwa ni mimi nakwita, hilo ulilijua."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaka kufahamu, akinitazama, akingoja nimweleze. Nje muadhini aliadhini alasiri, dada yake akaja na maji ya kutawadhia, na ndipo akauachia mkono wangu ili anawe. Nilisogea ukutani kuwapisha. Waliposwali nilikuwa nimekaa palepale, na nilipoondoka magharibi nilikuwa sijampa jibu.