Wote Mko Nje ya Mlango

Siku hiyo kebo nzima kabisa ilihukumiwa kung'olewa ukutani, na wa kufukuzwa nayo akawa kaka wa mke wangu.

Kazini kwetu kuna seva mbili, moja jengo la mbele, nyingine jengo la nyuma. Shemeji ndiye aliyepitisha kati yao kebo ya kasi ya ajabu. Kazi ikabaki kuipima, mimi huku, yeye kule.

Programu ya kupimia tunaiita Hodi. Upande mmoja unabonyeza Bisha, wa pili unabonyeza Itika. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Sisi tuna vyeti.

Tatizo tulikuwa tumenuniana. Shemeji alisema mbele ya mama mkwe kwamba mimi ni fundi wa kubonyeza vitufe tu, hata redio ya mama huyo imenishinda. Nikaapa simsemeshi tena. Naye kwa kununa hakubali kushindwa.

Basi nikabisha. Kimya.

Nikabadilisha kichwa cha kebo. Kimya. Nikazima seva, nikaiwasha, ile dawa yetu ya kila ugonjwa. Kimya.

Bosi akaja, mikono mfukoni.

"Kebo imekufa," akatangaza, bila kuigusa. "Isipoitika mpaka saa sita, ing'olewe. Na aliyeipitisha aondoke nayo."

Kununiana ni jambo moja, kumwaga unga wa mtu ni jingine. Halafu nyumbani ningelala wapi?

Nikampigia mke wangu, mpatanishi wetu wa kudumu. "Hebu muulize kaka yako anafanya nini huko."

Baada ya muda akanipigia. "Anasema anabisha hodi tangu asubuhi, wewe unaringa tu."

"Mimi ndiye ninayebisha tangu asubuhi."

"Kwa hiyo wote mko nje ya mlango."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikameza kiburi, nikabonyeza Itika, nikasubiri.

Kimya.

Saa sita inakaribia, na bosi ameshaita mtu wa kung'oa. Kaja na koleo lake.

Simu ikaita. Shemeji mwenyewe.

"Shem, basi yaishe. Dada kanieleza. Nimekaa hapa naitika, mbona hubishi?"

Mke wangu hana ubaguzi. Alitusema wote wawili, na wote wawili tukatii kwa pamoja.

Nilicheka mpaka bosi akageuka. "Kaa hapo hapo, shem. Nakuja mimi."

Nikabisha. "Karibu," skrini ikajibu kabla sijaondoa kidole.

Bosi akakohoa. "Nilijua tu kebo ni nzima." Kisha akamshukuru mwenye koleo kwa kuwahi.

Ndugu zangu, kebo ile hufikisha ujumbe kufumba na kufumbua. Watu wawili walionuna hawaufikishi hata mkiwapa mwezi. Mwenzio asipoitika, mpigie simu kabla hujabomoa ukuta.

Redio ya mama mkwe tutaitengeneza pamoja Jumapili. Tumekubaliana vitufe abonyeze shemeji.