Mkeka Uliotandazwa Barabarani kwa Karani Vaosa

Mara ya kwanza Sieni kumwendea Vaosa, karani wa mahakama pale Apia, Samoa, alikwenda na panikeke, maandazi ya kwao, za moto kwenye bakuli. Yeye na wauza mikeka wenzake walikuwa wameishtaki wizara iliyotaka kuvunja vibanda vyao, na alitaka kesi isikilizwe wiki hiyohiyo.

"Binti yangu, nimekukaangia mwenyewe."

"Zinanukia," alisema Vaosa, macho kwenye daftari la tarehe. "Wape wale walioko nje, wana njaa. Kesi yako ni Jumanne ya wiki ijayo."

"Siku mbili tatu tu, mwanangu..."

"Mama, hata aje waziri na nguruwe mzima, Jumanne ni Jumanne."

Sieni alitoka akisonya. Mtu asiye na bei utamwanzia wapi?

Siku hiyohiyo habari zilifika sokoni: Alhamisi, siku mbili baada ya kesi, Bunge lingepiga kura kuiondolea mahakama mamlaka juu ya ardhi ya soko. Hukumu ikitoka Jumanne, imetoka. Kesi ikiahirishwa wiki moja tu, hakuna kesi wala kibanda.

Ijumaa alikuja mwanamke asiyemfahamu, akataka mkeka bora kuliko yote. Sieni alimtolea ule wa manyoya mekundu, laini kama kitambaa, uliomchukua shangazi yake miaka miwili kuusuka. Walivutana saa nzima, ukaondoka kwa tala elfu nne. Hakuuliza unakwenda wapi. Muuzaji akianza kuuliza, mnunuzi huanza kufikiri.

Jumamosi alasiri aliuona tena, alipopita mtaani kwa Vaosa. Nyumba ya Vaosa haina kuta, kama za majirani, na mbele yake walisimama wazee wa ukoo wa waziri wa wizara ile, ambao ndio ukoo wa mume wa Vaosa. Mkeka wa hadhi ile haupitishwi mlango wa jikoni. Anayeutoa kwa siri amejidhalilisha mwenyewe. Basi waliutandaza, wakautembeza barabarani, wanawake wakaupigia kelele za shukrani, na msemaji wao, fimbo mkononi, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Huu ni mkeka wa bibi zetu! Tunamwomba mkwe wetu atazame daftari lake. Jumanne imebanana mno!"

Kuukataa kungekuwa kuwatemea mate. Tena mumewe alikuwa asimikwe cheo cha ukoo mwezi ule. Vaosa aliupokea, akauinua juu ya kichwa chake kama inavyotakiwa.

"Mmenipa heshima iliyonizidi kimo, wazee wangu. Kitu kikubwa hivi si changu, ni cha ofisi. Jumatatu nitamkabidhi jaji, pamoja na maneno yenu."

Msemaji alishusha fimbo yake. Mume akatazama vidole vya miguu yake.

Walipoondoka, Vaosa alimfuata Sieni barabarani.

"Mama, usukaji huu naujua. Umemuuzia nani?"

"Nikisema, ukoo ule hautanunua kwangu hata kamba."

"Hautanunua."

"Na nisiposema?"

"Watasema ni urithi, wamempa mkwe wao. Nani atabisha kwamba ni rushwa?"

"Wewe mtoto una roho ngumu."

"Na wewe una kibanda, mama. Au unataka kuwa nacho mpaka Jumanne tu?"

Sieni alipima. Wateja wa ukoo mmoja, au mahali pa kuuzia. Jumatatu alikwenda mahakamani, akala kiapo, akamtaja mwanamke wa Ijumaa na bei yake.

Jumanne wakili wa wizara aliomba kesi iahirishwe. Jaji aliuonyesha mkeka kwa kidole, akauliza kama ombi ni lake au la mkeka. Kesi ikasikilizwa. Vibanda vikabaki. Alhamisi Bunge likapitisha sheria yake, lakini haikuigusa hukumu ya juzi.

Jaji hawakumweza, katiba inamlinda. Karani hulipwa na serikali na huhamishwa na serikali. Haikupita hata miezi miwili Vaosa akapelekwa kisiwa cha Savai'i, kuandikisha mitumbwi. Cheo alisimikwa binamu wa mumewe, na mume mwenyewe analima magimbi, hazungumzii habari hizo.

Ukoo wa waziri ulitimiza kisasi: kwa mazishi yao yote sasa wananunua mikeka ya heshima kwingine, na mazishi yao si machache. Sieni bado anafungua kibanda chake saa moja asubuhi. Siku hizi anafunga saa nane, maana baada ya hapo hapiti mtu.