Tundu la Kidole Gumba

Mwaka ule tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi, michembe jioni, na mlenda usio na karanga. Mume wetu alikuwa Geita kwenye machimbo. Akatuletea sisi wake wawili redio moja ya kushika mkononi, akampa mke mdogo. Mimi mkubwa, ninayemwogesha mama mkwe, nikapewa habari tu kwamba redio imekuja.

Siku hizi mjukuu wangu analipwa kupanga vitufe vya simu vikae pale kidole kinapofika, tena amekalia kiti cha kuzunguka. Namwambia, kazi hiyo mimi niliifanya kwenye shamba la pamba.

Redio ile ilikuwa na vigurudumu viwili ubavuni, vimefanana kama mapacha: cha sauti na cha stesheni. Wakati wa palizi mke mwenzangu aliifunga kiunoni kwa khanga. Akitaka kuongeza sauti, mikono ina udongo, anazungusha kile kingine. Stesheni inakimbia. Na mume alisema atatuma salamu zisomwe redioni. Nilizitaka salamu zile kuliko mvua.

Siku tatu nikalima huku natazama kidole gumba chake kinaangukia wapi. Kisha nikakata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, nikaishonea redio nguo. Cha stesheni nikakifunika kabisa. Cha sauti nikakiachia tundu la kidole gumba. Nikampa mama mkwe, asiyeona. Akaongeza sauti mara moja.

"Hee! Aliyeshona hiki ana macho ya watu wawili."

Wageni wakija, mwenzangu anaitoa. "Redio yangu haipotezi stesheni, jamani." Yake!

Siku moja tukiwa shambani salamu zikasomwa, wazi kama mtu amesimama kwenye tuta. Mtangazaji akamtaja mwenzangu, jina lake na la baba yake. Mimi nikawa "na wote wanaonifahamu."

Mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, si umesikia? Na wewe umo."

Nilisikia. Sikukosa hata neno moja, kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Baada ya mavuno panya wakaitafuna ile nguo. Akaja. "Dada, nishonee nyingine."

"Sishoni. Aliyetuma salamu ashone."

Mume aliporudi, mashtaka yakamfikia kabla ya maji ya kuoga. Akaja mlangoni kwangu na sukari kilo nzima.

"Mke wangu mkubwa, mshonee mwenzio. Jambo dogo hilo."

Sukari niliipokea.

"Sishoni. Aliyetuma salamu ashone."