Usiitike Kwenye Ukungu

Uberlinda Queupil haogopi fahali, haogopi padri, na mumewe alipokuwa hai, mumewe ndiye aliyetembea kwa tahadhari. Kitu kimoja tu humkausha mate: ukungu. Ukimwona mama huyu mnene, mwenye sauti ya kumfukuza mbwa wa jirani bila kutoka jikoni, anafunga madirisha mchana kweupe na kukaa kimya, usimuulize. Tazama nje tu. Mlima hauonekani.

Sababu anayo. Alikuwa bado mtoto, akimsaidia baba yake kuteremsha mbuzi kutoka malisho ya kiangazi, ukungu ukawakuta njiani. Sauti ikaita jina la baba, polepole, kama mtu wa nyumbani. Baba akaitika, "Naam, nakuja!" Akamwambia binti yake, "Mshike huyu beberu, nisubiri hapa." Akaenda. Uberlinda alishika pembe za beberu mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Baba walimpata theluji ilipoyeyuka, ameketi chini ya mti, kofia kichwani, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa ndani.

Tangu hapo Uberlinda ana sheria moja, na ameitia vichwani mwa watoto wake, wakwe zake na sisi marafiki zake. Kwenye ukungu ukisikia unaitwa, usiitike. "Hata kama ni sauti yangu," husema. "Anayeita kwenye ukungu si lazima awe na miguu." Hakuna aliyemcheka. Maneno hayo bibi zetu wote waliyasema. Yeye aliyakaza tu msumari.

Kila msimu wa majani kupukutika, Pasaka ikishapita, tunapanda mlimani kuokota pinyoni, mbegu tamu za mti wa mpehueni. Tunakwenda wanne: Uberlinda, mimi, wifi yangu Fresia, na Melania Pellao. Melania na Uberlinda ni makomadre, kila mmoja ni mama wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake, na zamani hata chumvi waliazimana bila kubisha hodi. Kisha Melania akaokoka. Akaacha rozari, akaenda kwa walokole wa ng'ambo ya mto wanaopiga gitaa. Uberlinda, ambaye ndiye anayetuongozea rozari kanisani, alinuna msimu mzima. Hawakuacha kupendana, ila walianza kupendana kwa matusi.

Mwaka ule asubuhi ilikuwa nzuri mno. Miti ya lenga ilikuwa imeiva rangi, mlima mzima mwekundu kama makaa yanayopepewa, na juu yake mipehueni imesimama na miavuli yake ya kijani. Kasuku walikuwa wamejaa huko juu wakibomoa matunda yake, pinyoni zinatudondokea kama mvua ya mawe. Tuliwasha moto, tukafukia mkate majivuni, kikombe cha chai yetu ya majani ya yerba kikazunguka na mrija wake.

"Pokea, mlokole," Uberlinda akamwambia Melania. "Au siku hizi mrija nao ni dhambi?"

"Dhambi ni maji yako ya baridi haya," Melania akajibu. "Hata Yuda angepewa ya moto."

Fresia alicheka mpaka akapaliwa.

Kabla ya kujaza magunia kuna jambo la kufanya. Hatuchukui vya mti bila kuomba. Uberlinda hupiga ishara ya msalaba, humwita Mama Bikira, kisha humwaga kinywaji cha ngano shinani na kuuomba mti ruhusa kwa lugha ya baba yake. Tangu aokoke, Melania hashiriki sehemu hiyo. Hujitenga kidogo akaombe kwake.

"Haya, kimbia," Uberlinda akamwambia. "Mti usije ukakuuma."

"Namwomba aliyeuumba mti," Melania akasema, akaondoka. Shali yake aliiacha juu ya gunia, maana jua lilikuwa kali.

Tulikuwa tumeinamisha vichwa. Nilihisi baridi shingoni kwanza. Nilipofungua macho, kasuku walikuwa wamenyamaza, na ule mlima mwekundu haukuwepo. Ukungu ulikuwa umetoka korongoni na kutufunika kama shuka la maiti. Moto wenyewe ulikuwa hatua chache tu, nikauona kama doa.

Fresia akavuta pumzi kuita. Uberlinda akamziba mdomo kwa kiganja.

"Melania hajarudi!" Fresia akasema alipoachiwa.

"Najua."

"Basi tumwite!"

"Mwite," Uberlinda akasema. Uso wake ulikuwa rangi ya unga. "Mwite mpaka koo likauke. Hataitika. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Hapo ndipo nilipoelewa. Upande aliokwenda Melania ardhi huteremka taratibu, nyasi laini, halafu inakatika. Chini ni mawe na maji. Mtu anayejua kwamba anaitwa angefuata sauti arudi. Mtu anayeamini kwamba anayemwita hana miguu atafanya nini? Ataikimbia. Na pa kukimbilia ni huko huko korongoni.

Tuliita hata hivyo. "Melania! Melania, mpenzi, njoo huku!" Fresia aliita kwa machozi, sauti tamu kabisa. Ukungu ukalimeza jina. Kisha, mbali, jiwe likaporomoka, likagonga, likagonga tena, likanyamaza.

"Nyamaza!" Uberlinda akamkaripia Fresia. "Unamsogeza! Kadiri unavyombembeleza ndivyo anavyorudi nyuma!"

Chenga za barafu zilianza kuanguka. Nilikuwa nimeishika shali ya Melania, ikawa inalowa mikononi mwangu, nikamwaza mwenyewe na kile kiblauzi chake cha pamba. Mimi ni mtu wa maneno, lakini siku hiyo hata sala ilinipotea. Nilikuwa narudia "Bwana, Bwana" kama kinanda kilichokwama.

Uberlinda alikuwa ameukumbatia mti. Nilidhani anaomba. Kumbe anafikiri.

"Baba aliitwa kwa upole," akasema. "Yule wa kwenye ukungu huita kwa upole. Hajui namna nyingine."

Akauachia mti, akajaza kifua, akapiga kelele ambayo nadhani kijijini waliisikia:

"Melania Pellao! Wee mvivu, mla mkate wa wenzio! Gunia lako tupu, unataka nani akujazie, malaika?"

Kutoka chini kushoto, kisauti chembamba kinachotetemeka:

"Rudi nyuma, shetani! Kwa jina la Yesu!"

"Shetani ni shemeji yako! Ni mimi, Uberlinda!"

"Shetani anajua majina yote!"

"Anajua pia kwamba supu yako haina chumvi?"

"Hilo kila mtu analijua!" Sauti ilikuwa inalia. "Kama ni komadre wangu, sema jambo ambalo hakuna mtu anayelijua. Lisemwe sasa hivi, la sivyo usinisogelee!"

Uberlinda akatutazama mimi na Fresia. Nimemjua maisha yangu yote, sijawahi kumwona akiona haya. Akageukia ukungu.

"Jumapili," akasema, "nikitoka misa, huwa naizunguka nyumba yenu ya sala. Nasimama nje. Nakusikiliza ukiimba."

Fresia akanigeukia.

"Unasimama wapi?" sauti ikauliza.

"Dirisha la upande wa kuni. Mvua ikinyesha naingia chini ya bati."

"Naimba nini?"

"Ule wa mto. Na beti ya tatu unaikosea kila Jumapili."

"Siikosei!"

"Unaikosea, mwanamke!"

"Siikosei hata kidogo, wewe ndiye una masikio ya kuku!"

"Endelea kubisha! Usisogee, kaa hapo hapo, wewe bisha tu!"

Akaanza kuteremka. Sasa mtu aelewe hapo kilichokuwa kinatendeka. Mwanamke yule alikuwa anaifuata sauti ndani ya ukungu, kama baba yake. Nilikuwa nimeishika sketi yake kwa nyuma na Fresia ameishika yangu, na kupitia kitambaa kile nilihisi anavyotetemeka, mwili mzima, kama ng'ombe anayepelekwa machinjoni. Kila hatua aliijaribu kwanza kwa kidole cha kiatu. Kila hatua alitukana. Na kila alipotukanwa, Melania alirudisha, sauti yake karibu kidogo zaidi, mpaka Uberlinda akasimama ghafla, akapiga magoti, akanyoosha mkono, akashika kifundo cha mguu.

Melania alikuwa ameketi ukingoni kabisa, amekikumbatia kichaka kisichofika kimo cha mbuzi. Kiatu kimoja hakipo. Midomo ilikuwa ya zambarau. Nyuma yake hapakuwa na kitu, weupe tu, na mlio wa maji kule chini.

"Niliwasikia tangu mwanzo," akasema tulipomfunga shali. "Fresia aliniita vizuri hivyo, nikasema basi ndiye yule asiye na miguu. Nikaziba masikio, nikarudi nyuma, nikarudi nyuma."

Uberlinda alimsugua miguu kwa nguvu hadi mwenzake akalalamika.

Tuliteremka kwa njia ya mbuzi tukiwa tumefungana kwa kamba za magunia, Uberlinda mbele. Pinyoni tuliwaachia kasuku. Melania akaanza kuimba ili asisinzie.

"Si huo," Uberlinda akasema bila kugeuka. "Ule wa mto."

Basi tulishuka na wimbo wa walokole, sisi watu wa rozari, na beti ya tatu Uberlinda aliimba peke yake, kwa usahihi, ili kumkomoa.

Ukungu bado anauogopa. Ukishuka bondeni hufunga madirisha vilevile, ila mlango huuacha wazi kidogo, na mara kwa mara husimama kizingitini akapaza sauti kuelekea nyumba ya pili: "Melania! Mzee wa kunuka moshi, umekufa?"

Hangoji muda mrefu.

"Sijafa, mchawi wee! Funga mlango, unaniingizia baridi mpaka huku!"

Ndipo hurudi ndani, akaketi, na mikono yake hutulia kiasi cha kuweza kushika kikombe.