Sura Mbili za Diwani Mtoro

Bi Mardhiya ana miaka ishirini na sita akichora mabango Bagamoyo: saluni, maduka ya dawa, milango ya madrasa. Mtoro alipogombea udiwani alimwomba amchoree sura yake, ichapishwe na kubandikwa kata nzima.

"Kipara kizibe kidogo," alimwelekeza. "Mashavu yapunguze. Macho yatazame mbali."

Akafanya hivyo. Mtoro akatoka kijana, mpole, kama imamu aliyemaliza dua. Akashinda.

Miaka mitatu ikapita. Soko la samaki aliloahidi kuliezeka lilibaki nguzo tupu, na akina mama wakaendelea kukaanga samaki juani. Mmoja wao, Kuruthumu, akamfuata Bi Mardhiya.

"Tumesema, tumeandika barua. Sasa tuchoree wewe."

Akawachorea katuni kwenye ukuta wa soko: Mtoro kaketi chini ya mwavuli mkubwa, tumbo limemlalia mapajani, anakula samaki aina ya changu, huku nje ya kivuli akina mama wanapepea makaa. Watu walicheka hadi machozi. Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa imeenea kwenye simu za mji mzima.

Kesho yake diwani alifika nyumbani kwa mchoraji.

"Shikamoo, Bi Mardhiya."

"Marahaba."

"Mkono ule naujua. Ni wako."

"Ni wangu."

"Mbona mwanzo ulinipamba?"

"Mwanzo uliniambia nichore nini."

Mtoro aliondoka. Alasiri ukuta ukapakwa chokaa. Lakini kwenye mkutano uliofuata, alipofungua tu mdomo, mtu mmoja alikunjua mwavuli. Umati ukaangua kicheko, hotuba ikaishia hapo. Baada ya mwezi mabati yakaletwa, yakatosha nusu ya soko.

Uchaguzi ulipowadia, Mtoro alibandika tena yale mabango ya zamani. Sokoni alipata kura za kuhesabika. Vijiji vya ndani, ambako wengi walimjua kwa bango tu, ndivyo vilivyomrudisha.

Siku ya matokeo Bi Mardhiya hakugusa chakula.

"Katuni ilikaa ukutani siku moja," alimwambia Kuruthumu. "Ile nyingine imempa miaka mitano."

"Kwani wewe ndiye uliyempigia kura?"

"Sikumpigia. Ila wao wamepigia kura uongo wangu."

Tangu hapo hapokei kazi ya mgombea yeyote. Wawili wamekwishamjia, aliwapa kahawa, akawaelekeza kwa mpiga picha wa stendi.