Nilivyomponza mtani wangu kiwandani kwa kanuni nilizozitafsiri mwenyewe

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mzee sasa. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nimesoma humu nyuzi nyingi za watu waliodhulumiwa makazini, na kila nikisoma najikuta niko upande ule mwingine. Mimi ndiye niliyedhulumu. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na pale nilipokuwa mwoga nitasema nilikuwa mwoga.

Ilikuwa Mwanza, miaka ya tisini.

Kampuni ya umma ya pamba niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Ndiyo ule wakati wa soko huria, mashirika yanauzwa, watu wazima wanarudi nyumbani na barua mkononi. Kando ya ziwa vikaota viwanda vya minofu ya sangara. Sisi wenye kidato cha nne tulikimbilia huko.

Nikaajiriwa idara ya ulinzi. Haikupita muda mrefu nikawa msimamizi wa ulinzi wa ndani.

Kile kiwanda wafanyakazi walikiita Mwezini. Ukiingia unavuliwa kila kitu chako. Unapewa joho jeupe, kofia, kitambaa cha mdomo na mabuti. Unapita kwenye dimbwi la dawa, mlango unafungwa nyuma yako, na kuanzia hapo hujui kama nje kuna jua au mvua. Baridi tupu, taa tupu, watu weupe wanatembea polepole wasiteleze kwenye barafu. Kweli ilikuwa kama mwezini.

Kila idara ilikuwa na rangi ya kofia. Wakata minofu nyeupe, wafungashaji bluu, watu wa chumba cha ubaridi njano. Ukionekana na kofia ya njano kwenye meza za kukatia, hiyo ni barua ya kwanza. Kwenda chooni unachukua kibao, na kibao kimoja kilikuwa cha watu arobaini. Barua ya kwanza onyo, ya pili kusimamishwa, ya tatu kwaheri.

Sisi wa ulinzi tulivaa kofia nyekundu. Nyekundu iliingia popote. Sitaficha, niliipenda.

Kanuni zenyewe zilikuja kitabu kizima cha Kiingereza. Meneja alikuwa mgeni wa kutoka ng'ambo, Kiswahili chake kiliishia kwenye "haraka" na "hapana". Akaniita, akaniambia nizitafsiri zibandikwe ukutani. Nilifanya kazi hiyo wiki mbili kwa kamusi.

Kulikuwa na kifungu kuhusu wizi. Atakayekutwa na mali ya kiwanda mwilini au kwenye mavazi yake atafukuzwa siku hiyo hiyo, picha yake itabandikwa getini, na jina lake litapelekwa viwanda vyote vya jirani. Chini yake kulikuwa na sentensi moja fupi, nami nikaiandika hivi: "Mzaha hautapokelewa kuwa utetezi." Nilijisikia msomi kwelikweli siku ile.

Sasa niwaambie habari za Yona.

Yona alikuwa Mgogo wa Dodoma, alikuja Mwanza kwa treni akitafuta kazi. Alikuwa kofia ya njano, kule kwenye ubaridi. Mimi ni Msukuma wa Magu. Wenye umri wangu wanajua maana yake: Mgogo na Msukuma ni watani. Hatukuchaguana, tulikuta wazee wetu walishayamaliza.

Vijana mnaosoma, utani wenyewe si vichekesho vya kwenye simu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe ukacheka. Anaweza kuchukua kofia yako akaenda nayo. Na huruhusiwi kukasirika. Baba yangu alipofariki, Yona alikuja hadi Magu, akaingia kaburini akalala chali, akasema Msukuma huyu hazikwi mpaka apewe jogoo. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala tangu jana yake, alicheka mpaka akashikwa mabega. Akala siku ile. Sikuwahi kumshukuru Yona kwa hilo, maana mtani hashukuriwi.

Kazini ilikuwa hivyo hivyo kila siku.

"Msukuma, nasikia jana umefika mjini Nyamagana ukaona lami, ukavua viatu usiichafue."

"Na wewe Mgogo umelionaje ziwa? Wenzako walidhani ni anga limeanguka."

"Nimeoga leo, njoo uninuse."

"Umeoga kwa kikombe, nakujua."

Foleni nzima ya kofia nyeupe inacheka chini ya vitambaa vya mdomo.

Wiki moja kabla ya haya mambo, Yona alinijazia barafu kwenye mabuti wakati nakunywa chai. Nikatumbukiza miguu, nikapiga kelele, watu wakashangilia. Msimamizi mzima naruka kwa mguu mmoja. Kwa hiyo zamu ilikuwa yangu kulipiza. Ndivyo utani unavyokwenda.

Hapa ndipo nilipokosea, wakuu. Nilikuwa na mizaha mia ya kuchagua, nikachagua bondo.

Wasiojua, bondo ni lile puto lililo ndani ya tumbo la sangara. Linakaushwa, linakwenda nje, na thamani yake inapita minofu. Ndilo lililokuwa likiibwa zaidi, na ndilo lililowekewa kile kifungu. Mpango wangu ulikuwa hivi: niliweke kwenye jaketi la Yona kule chumba cha kubadilishia nguo. Saa kumi jioni wakitoka, mimi ndiye mkaguzi mlangoni. Nitalichomoa mbele ya foleni niseme, "Jamani, Mgogo amekuwa mvuvi." Watu wacheke, nilirudishe kwenye beseni, mambo yaishe.

Nilijiamini kwa sababu mlango ulikuwa wangu. Mtu akishika mlango muda mrefu huanza kudhani na kanuni ni zake.

Mchana nikapita kwenye meza za kukatia, nikachukua bondo moja, nikalifunga nailoni. Hakuna aliyeuliza. Nikaenda chumba cha nguo, nikaliweka mfuko wa ndani wa jaketi lake. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Saa tisa Meneja akatokea na wakaguzi watatu wa wanunuzi kutoka Ulaya. Nyuma yao kulikuwa na walinzi wa kampuni ya kukodi ambao sikuwahi kuwaona. Akasema atawaonyesha wageni jinsi kiwanda kinavyolinda mali. Ukaguzi wa ghafla, chumba cha nguo, sasa hivi. Nami nisimame pembeni, maana walinzi wa ndani hawajikagui.

Wakaanza na misumari ya ukuta wa kushoto. Jaketi la Yona lilikuwa ukuta wa kulia, karibu na dirisha.

Nilikuwa na muda. Miaka yote hii nimejaribu kujidanganya kwamba mambo yalikwenda haraka. Hayakwenda haraka. Walikuwa wanageuza kila mfuko, wanakunjua kila leso. Ningeweza kusema, "Meneja, lile la kule nimeweka mimi, ni mzaha." Sentensi moja. Nikaikumbuka na ile niliyoitafsiri. Nikaangalia wale wakaguzi na madaftari yao. Nikafikiria chumba cha kampuni nilichokuwa nakaa na mke wangu na watoto, na ile barua ya kampuni ya pamba.

Nikanyamaza.

Wakalikuta. Yona akaitwa kutoka kwenye ubaridi, bado ana barafu kwenye nyusi. Alipoliona lile bondo mezani hakushtuka. Alinitafuta kwa macho, akanipata, akatabasamu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesema: leo umenipata kweli.

Alidhani nitasema wakati wowote.

Kesho yake asubuhi kikawa kikao cha nidhamu. Alikuwepo Meneja, na afisa utumishi, mama mmoja wa Bukoba tuliyemwita Mama Koku, na mimi kama msimamizi wa ulinzi. Yona alikaa kiti cha upande wa pili. Mama Koku akamsomea kifungu, tafsiri yangu, neno kwa neno.

"Yona, una la kusema?"

"Mama, mimi sijaweka kitu pale. Ila aliyeweka nadhani namjua."

"Ni nani?"

Yona akacheka kidogo. "Muulizeni mtani wangu hapo."

Mama Koku akanigeukia. Alikuwa mwanamke makini. Nadhani alikuwa ameshafahamu, kwa sababu aliuliza taratibu sana, kama anayemshikia mtu mlango apite.

"Mzee, kuna lolote unalolijua?"

"Hapana," nikasema. "Mimi nafuata kanuni."

Nimekaa na uso wa Yona wa wakati ule maisha yangu yote. Cheko halikuondoka mara moja. Lilibaki pale, linasubiri, kama vile labda bado naendeleza utani wenyewe. Halafu likaisha.

"Basi," akasema. "Kama yeye hajui, sina shahidi mwingine."

Wakampiga picha wamemsimamisha mgongo ukutani. Niliibandika mimi. Ndiyo, kubandika picha ilikuwa kazi ya msimamizi wa ulinzi.

Alizunguka viwanda vyote vya ufukweni, na kila alipofika jina lake lilikuwa limetangulia. Kanisani alikuwa mwalimu wa kwaya, wakamwambia apumzike kwanza. Binti yake alikuwa sekondari, wenzake wakamwita Bondo, mwisho akagoma kwenda shule. Mke wake alipanda treni na watoto kurudi Dodoma kusubiri mambo yatulie. Hayakutulia, na hakurudi.

Kama miezi minne baadaye nilienda ofisini kwa Mama Koku. Nikamwambia nataka kusema jambo kuhusu Yona. Akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Mzee, naomba nikwambie kabla hujafungua mdomo. Faili lake nikilifungua, siku hiyo hiyo nafungua na lako. Umejiandaa?"

Nilimwambia nitafikiria. Nikarudi getini. Hiyo ndiyo mara ya tatu kumwuza, na safari hii sikuwa na kisingizio cha kushtukizwa. Mke wangu alikuwa mjamzito wakati huo, lakini msinihurumie kwa hilo. Yona naye alikuwa na watoto.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi. Nilipata cheti cha mfanyakazi mwaminifu. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipoacha kazi nikamtafuta. Nikaambiwa yuko Kirumba, karibu na soko la samaki, anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yenye vichwa na mifupa ambayo viwanda vinayatoa. Nikamkuta amechutama kwenye jiko la kuni, nywele zimekuwa nyeupe, mikono imejaa makovu ya mafuta.

Aliponiona akasimama. Akafuta mikono, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Wakuu, mimi na Yona tumepishana mwaka mmoja tu. Katika miaka yote hakuwahi kunipa shikamoo. Alikuwa akinisalimia kwa matusi, na nilikuwa nikienda kazini nikiyatarajia. Ile shikamoo ilinipiga kuliko kama angenimwagia yale mafuta.

Sikuitikia. Nikamwambia pale pale nimesimama: "Yona, lile bondo niliweka mimi."

"Najua, mzee. Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukunitaja jina kwenye kikao? Ungesema tu wazi."

Akafikiria, akageuza panki moja kwenye karai.

"Mtani hashtakiwi. Ningekushtaki, mimi ndiye ningekuwa nimevunja utani. Nikakuachia wewe."

Nikajaribu kitu cha kijinga, kwa sababu sikujua kingine. Nikasema, "Mgogo wewe, hata mapanki unayakaanga kama mtu ambaye hajawahi kuona samaki."

Akanitazama kwa adabu kabisa.

"Ndiyo, mzee. Nikufungie mangapi?"

Nikanunua matatu. Nikashika karatasi yenye mafuta, nikaondoka. Nilirudi tena mara mbili tatu mwaka ule. Kila mara shikamoo, kila mara ndiyo mzee. Mara ya mwisho nikakuta mama mwingine kwenye lile jiko, akasema yule baba aliugua, ndugu zake wakaja kumchukua. Sijui kama yu hai. Nimeuliza kila Mgogo niliyekutana naye.

Mtakaosema kwamba kosa lilikuwa la wageni na kanuni zao kali, nawashukuru, lakini sikubali. Kanuni ile haikuniamuru ninyamaze. Ilikuwa karatasi ukutani, tena kwa mwandiko wangu. Mama Koku aliniuliza kwa Kiswahili safi na akanisubiri.

Fundisho nililopata ni dogo na limechelewa: ukiwa na neno la kumwokoa mtu, liseme siku ile ile hata likikufukuzisha kazi. Likilala moja, kesho linakuwa zito, na baada ya miaka halimwokoi mtu yeyote, hata wewe.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye vile viwanda aseme naye aliyoyaona. Wenye kunilaumu, laumuni, nitasoma yote na sitabishana. Na kama kuna wa Dodoma humu anayemfahamu mzee Yona aliyewahi kuishi Mwanza, sihitaji anisamehe. Mwambieni tu binti yake kwamba baba yake hakuiba.