Mashine Moja kwa Mama Wawili

Kwa miezi kumi na moja nilikula chakula cha jioni mara mbili kila siku. Haukuwa uroho. Naishi katika chumba kidogo mwishoni mwa uwanja wetu hapa Butembo, na kila upande wa uwanja kuna nyumba ya mama yangu mmoja. Mama Mkubwa ni mke wa kwanza wa marehemu baba. Mama Mdogo, mke wa pili, ndiye aliyenizaa, ingawa ukiuliza nani alinichapa zaidi, wa kwanza anaongoza kwa mbali. Jua likianza kushuka, sahani ya bugali ilitoka kushoto, kwa Mama Mkubwa, na kabla sijanawa mikono, ya pili ilitoka kulia, kwa Mama Mdogo. Nikibakiza kitu kwenye ile ya kushoto, niliulizwa kwa yule nimelishwa nini kitamu hivyo. Nikibakiza kwenye ya kulia, vilevile. Fundi wa nguo alinipanulia suruali mara mbili, na mara ya tatu akaniambia kwa upole ninunue kitambaa kipya.

Mama zangu hao walikuwa wamenuniana. Wakati wa msiba wa baba ilipotea redio yake ndogo, ile aliyokuwa akiiweka juu ya jiwe pale uwanjani. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyemwazimisha mgeni fulani, na kila mmoja aliapa kwamba hakuigusa. Wakatupiana maneno makali, kisha wakaacha kusemezana kabisa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Walipishana kwenye bomba la maji bila kutazamana. Habari zote zilipita kwangu.

"Ambia ule mwenzangu, kuku yake iko namaliza sombe yangu," Mama Mkubwa alinituma, akionyesha kisamvu chake, na yule mwenzake amesimama hatua nne tu kutoka pale, anasikia kila neno. Na bado nilipaswa kwenda kumwambia.

Nilichoka. Na zaidi ya kuchoka niliogopa, maana wote wawili ni wazee sasa, na nilikuwa najiuliza itakuwaje mmoja wao akiondoka kabla hawajasemezana. Wazo hilo lilikuwa linanikosesha raha hata nikiwa kwenye usukani.

Usukani huo niliurithi kwa baba, pamoja na lori lake. Alikuwa anapeleka viazi Beni na kurudi na mchele na mafuta ya mawese. Mtu mwenye wake wawili katika dini yetu anatakiwa awatendee sawa, na baba agizo hilo alilishika kwa mikono miwili. Thermos mbili, magodoro mawili, vitenge vya rangi ileile. Siku moja alipewa papai kubwa moja huko Kalunguta, akalipasua katikati kwa kisu chembamba, akapima vipande kwa macho, nusura aanze kuhesabu mbegu. Basi mimi, mtoto wa mtu huyo, nikaenda kununua kitu kimoja.

Ilikuwa hivi. Huko Beni, katika komini ya Beu, nilikuwa na mteja wa viazi, mtumishi wa serikali aliyetoka mkoa wa mbali. Siku hiyo nilimkuta uani katikati ya vyombo vyake. Alikuwa amehamishwa, na kama wafanyavyo wenzake wote wakihamishwa, alikuwa anauza kila kitu: vitanda, meza, hata ndoo ya kuogea. Kitu kimoja tu hakikuwa uani. Kilikuwa kimebaki ndani ya nyumba tupu, kimefunikwa kitambaa cheupe.

"Mon frère," alisema akiifunua mashine ya kuchezea diski pamoja na televisheni yake, "hii lecteur hapana ya kila mutu. Picha yake iko propre, unaweza kuhesabu jasho ya mwimbaji. Mais picha si kitu. Muziki! Muziki inakuzunguka."

Alinikalisha kwenye kiti cha mwisho kilichosalia, akatoa mita ya fundi mwashi, akapima kutoka sikio langu hadi kwenye kila bafle, yaani kila spika. Mbili zilikuwa mbele yangu, mbili nyuma. Ndogo moja iliwekwa katikati kwa ajili ya sauti ya mwimbaji, na moja kubwa ya kukaa chini ilikuwa ya ngoma na besi. Sogea kushoto, sogea kulia, hapana, umesogea sana, rudisha kichwa. Kisha akaweka diski ya rumba iliyorekodiwa ukumbini, mbele ya watu. Najua nilichofanya baadaye hakikuwa cha akili: niliposikia makofi mgongoni mwangu nilisimama, nikafungua mlango wa nyuma kuona ni akina nani wameingia uani.

Mtumishi yule alicheka mpaka akatoa machozi, na machozi yalipoanza hayakukoma. Ndege haikuweza kumbebea mzigo ule wote. Bei tulikubaliana upesi, na sitaitaja hapa, kwa sababu Mama Mkubwa anaweza kusomewa maandishi haya. Lakini kabla ya kunipa aliniapisha.

"Hizi bafle sita ni famille moja. Hapana kuzitenganisha. Apa!"

Nikaapa. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani: kama redio ndiyo iliyoleta ugomvi, mimi naleta kitu kinachoishinda redio mara kumi. Nitawakalisha mama wote wawili chumbani kwangu, muziki utawazunguka, na kabla ya wimbo wa pili watakuwa wamesameheana. Njiani, askari wa kizuizi cha barabara alihesabu yale makartoni sita akaniuliza vyote hivyo ni vya nini. Nikamwambia ni vya kusikilizia muziki.

"Uko na masikio ngapi?" aliniuliza, akanifungulia njia.

Nyumbani, Mama Mkubwa aliikagua mashine pande zote. Akagonga bafle kubwa kwa vidole, kama anavyogonga nanasi sokoni.

"Iko muzuri," alisema. "Ya mwenzangu iko wapi?"

Nikamweleza kwamba ni moja tu, ya wote, na kwamba watakaa chumbani kwangu wasikilize pamoja. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa. Kutoka mlango wa pili Mama Mdogo akasema, akiuambia ukuta, "Mwambie hata mimi niko nauliza ile swali." Katika miezi kumi na moja hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana, na walikubaliana dhidi yangu.

"Baba yako hakuletaka kitu moja mu hii parcelle," alisema Mama Mkubwa, akizungusha mkono kuonyesha uwanja wote. "Gabula!"

Nikagawanya. Mashine yenyewe na televisheni zilibaki kwangu, kwa kuwa picha hawakuzitaka. Bafle mbili za kushoto zikaenda nyumba ya kushoto, mbili za kulia nyumba ya kulia. Zikabaki ile kubwa na ile ndogo ya katikati. Hapo hapakuwa na ubishi, maana kwetu mkubwa hupewa kikubwa, hata kama hajui ni cha nini. Kubwa ikaenda kwa mke wa kwanza, ndogo kwa wa pili. Nyaya nilizipitisha juu ya kamba ya kuanikia nguo. Alasiri, baada ya sala, nikaweka diski ya rumba na kusimama katikati ya mlango wangu nikingoja kusifiwa.

Bafle nyingine zilinong'ona tu, lakini nyumba ya kushoto ilianza kutetemeka. Du, du, du, na vikombe kabatini vikijibu. Nyumba ya kulia mwanamume mmoja alikuwa analia peke yake, bila ngoma wala mtu wa kumsaidia.

"Unaniletea kinu?" Mama Mkubwa alitoka na mwiko mkononi. "Huku kwangu iko natwanga tu!"

"Na huyu wa kwangu, balimufanya nini masikini?" aliuliza Mama Mdogo. "Iko nalia bila bandugu!"

Kila mmoja aliamini kwamba muziki wa kweli umeenda kwa mwenzake. Uliza ule kama kwake inaimba. Uliza ule kama kwake inatwanga. Nikawa nakimbia kutoka dirisha hadi dirisha, na ikazuka shida nyingine: mwimbaji alikuwa anaimba Kilingala. Mama Mdogo, aliyekuwa na sauti, Kilingala hakijui. Mama Mkubwa alikulia karibu na kambi ya askari wasemao Kilingala, anakisikia vizuri sana, lakini yeye alikuwa na kinu. Nikabebeshwa maneno.

"Iko nasema *nazongi ndako, porte ekangami*," nilimpelekea Mama Mkubwa.

"Alirudia ku nyumba, akakuta mulango imefungwa," alinijibu. Nikalipeleka. Nikatumwa neno la pili, kisha la tatu. Safari ya nne, mtu aliyenenepa kwa sahani mbili za kila jioni, pumzi ikaniishia nikaketi chini kwenye vumbi. Wimbo uliendelea. Wote wawili walinitazama, kila mmoja kutoka dirishani mwake, na mimi sikuinuka. Sikuwa na ujanja wowote, nilikuwa nimechoka tu.

Ndipo Mama Mdogo akapaza sauti, uso ameugeuzia bomba la maji. "Sasa iko nasema *fungola, fungola*!"

Nilisikia du, du, du, kama mara nane hivi.

"Iko naomba bibi yake afungue!" alijibu Mama Mkubwa kutoka ndani. "Yeye alikuwa wapi tangu asubui?"

"Kweli," alisema Mama Mdogo. "Alikuwa wapi?"

Wimbo ulipokwisha, madirisha yote mawili yalifungwa. Nilibaki kwenye vumbi nikicheka peke yangu kwa furaha, na jioni hiyo sahani zikaja mbili kama kawaida. Siku zilizofuata waliniagiza niweke diski ileile kila alasiri, nao walipigiana kelele uwanjani kuhusu mume yule aliyefungiwa nje. Mama Mdogo alikuwa ameanza kumwonea huruma, Mama Mkubwa hakutaka kusikia. Lakini diski ikiisha walinyamaza, na kwenye bomba hawakusalimiana. Walizungumza habari za mwimbaji, habari zao hawakuzigusa. Nikaanza kufikiri kwamba ndivyo itakavyobaki.

Kisha yule mtumishi wa serikali akatokea. Alikuwa anapitia Butembo kupanda ndege ya kwenda kwenye kazi yake mpya, na alikuwa amemwacha motari, dereva wa pikipiki, barabarani na mizigo ili aje kuiaga mashine. Aliingia uwanjani muziki ukilia. Aliona nyaya juu ya kamba. Aliona kitenge kibichi kikidondosha maji juu ya waya wa bafle ya nyuma. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Uliapa!"

"Chef," nilimwambia, "iko na bamama babili." Nikamweleza mgao wote, papai na magodoro pamoja.

Mtu huyo ana mke mmoja. Alinitazama kwa huruma kubwa. Halafu akafumba macho, akainamisha kichwa, akaanza kutembea uwanjani taratibu, hatua mbele, nusu hatua nyuma, kidogo kushoto. Akapindua beseni la vyombo. Kuku wakamkimbia. Mama wote wawili walitoka milangoni kumwangalia kichaa wangu. Alisimama ghafla.

"Hapa!" alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Muziki yote iko hapa. Lete kiti."

Alikuwa amesimama kando ya lile jiwe.

Niliamini baba hakuwahi kununua kitu kimoja. Nilikosea. Redio ilikuwa moja. Baba alipima hatua kutoka mlango hadi mlango, akaweka jiwe katikati, na kila jioni redio ilikaa juu yake ili kila mke aisikie sawa akiwa kwake. Nilipita kando ya jiwe hilo maisha yangu yote na sikuwahi kuwaza kwa nini liko pale. Nilijiona mjinga, na baba nikamkumbuka sana kwa wakati mmoja.

Mgeni haachwi amesimama. Mama Mkubwa alitoka na kiti, na Mama Mdogo naye akatoka na kiti, wakafika pamoja wakaviweka bila kutazamana. Mtumishi akakalia kimoja, akasikiliza mdomo wazi mpaka motari alipoanza kupiga honi. Aliwaaga mama zangu kwa heshima, akaniambia nimwondolee kitenge kile kwenye waya, akaenda zake.

Mama Mkubwa alishika mgongo wa kiti chake akirudishe ndani. Hakukirudisha. Ngoma ilimfikia kutoka kwake, na sauti ikamfikia kutoka kwa mwenzake.

"Kumbe," alisema, "iko natwanga na kuimba pamoja."

Akakaa. Mama Mdogo alikuwa amefika kuchukua kiti chake naye.

"Ikala," Mama Mkubwa alimwambia. Alimwambia yeye, hakunituma mimi. "Mbona ulisimama? Inafika pale pa fungola."

Nilirudia diski mara tatu bila kuombwa. Jua lilishuka, nami kwa mazoea nikanawa mikono, nikangoja. Hakuna sahani iliyotoka kushoto wala kulia. Mwishowe nikakohoa.

"Ule mutoto alikula?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Hakukulia kwako?"

"Kwangu? Nilizani alikulia kwako."

Walicheka mpaka Mama Mdogo akashika goti la mwenzake, na hakuna aliyeinuka. Nilikwenda jikoni mwenyewe, nikakuta viazi baridi vya mchana, nikala nimesimama. Nililia kidogo, na sioni haya kulisema.

Siku hizi suruali zangu zimepunguzwa. Redio ya baba haijaonekana mpaka leo, na hakuna anayeiulizia.